Ugumu wa Ini Una Siri Yake

MNUNUZI wa maembe huko Hewani hahitaji kisu ili kujua embe lililoiva. Hulibonyeza tu kwa kidole. Daktari naye, tangu zamani, hubonyeza tumbo chini ya mbavu za kulia, kwani ini lenye afya ni laini, na lililojaa makovu huwa gumu. Uvimbe wa saratani nao mara nyingi huwa mgumu zaidi.

Lakini kidole hakifiki ndani. Ndiyo sababu wataalamu wamebuni mashine za kulitikisa ini kidogo kutoka nje ya mwili na kupima mwendo wa mtikisiko huo. Ndani ya kitu kigumu mtikisiko huenda mbio. Ndani ya kitu laini hwenda polepole. Mwaka 1995 wataalamu wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza jinsi mashine ya MRI inavyoweza kuupiga picha. Mgonjwa hapasuliwi.

Je, msomaji, faida yake ni nini? Uvimbe huweza kubadilika ugumu kabla ya kubadilika ukubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na madaktari wa Houston, Marekani, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliopewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, mabadiliko ya ugumu baada ya wiki 6 yalihusiana na muda walioishi. Wagonjwa hao walikuwa wachache, kwa hivyo kipimo hicho hakiwezi kutegemewa peke yake. Hata hivyo, kwa jamaa waliouza ng'ombe ili walipie dawa, kujua mapema kama inafanya kazi si jambo dogo.

Kwako wewe uliye Hewani, Wema au Garsen, mashine hiyo iko mbali. Kinga iko karibu. Saratani ya ini huletwa sana na virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mahindi yaliyolowa kwa mafuriko ya Mto Tana yakiota kuvu, usiyasage wala usiwape kuku. Kuyapika hakuondoi sumu. Yaliyo mazima yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi yakauke kabisa.

Mtoto naye apelekwe kliniki kupata chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mwaka 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, uliza hospitalini kuhusu kupimwa damu. Anayegunduliwa mapema huweza kupewa dawa za kuvituliza virusi, kabla ini halijawa gumu.