Kadi za Kuharakisha Hifadhi ya Data na Jinsi Zinavyowekwa kwenye Seva

Mgonjwa anapofika kwenye dirisha la usajili katika hospitali ya kaunti, karani huandika nambari yake kwenye kompyuta, kisha wote wawili husubiri. Faili ikichelewa kufunguka, lawama huelekezwa kwa intaneti. Hata hivyo, pale ambapo seva za hospitali ziko katika jengo hilohilo, huenda intaneti haihusiki kabisa. Tatizo laweza kuwa ndani ya chumba cha seva, kati ya kompyuta inayoendesha mfumo na diski zinazotunza rekodi.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la serikali za kaunti, na vifaa vyake hununuliwa kwa pesa za umma. Makala haya yanaeleza kuhusu kifaa kimoja ambacho wakazi wengi hawakijui: kadi ya kuharakisha hifadhi ya data. Yanaeleza kazi yake, jinsi inavyowekwa kwenye seva za Linux, na kwa nini kuinunua pekee hakutoshi.

Kwa nini diski hukaa nje ya seva

Katika ofisi ndogo, data hukaa kwenye diski iliyo ndani ya kompyuta. Katika taasisi kubwa, diski nyingi huwekwa pamoja katika kabati moja la hifadhi, na seva huzifikia kupitia mtandao. Faida yake ni kwamba seva moja ikiharibika, nyingine yaweza kushika kazi na kusoma rekodi zilezile.

Njia moja inayotumika sana kuunganisha seva na hifadhi hiyo ni iSCSI, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 2004. Njia hii hupitisha maagizo ya diski juu ya nyaya na swichi za kawaida za mtandao.

Kadi inafanya kazi gani

Data haisafiri ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande hukaguliwa, na upande wa pili huunganishwa tena kwa mpangilio. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na prosesa ya seva, ambayo wakati huohuo inatafuta majina ya wagonjwa, dawa na malipo.

Kadi ya kuharakisha ina chipu yake yenyewe inayobeba kazi hiyo. Zipo zinazobeba sehemu tu, na zipo zinazobeba yote, hata seva ikaiona diski ya mbali kana kwamba iko ndani yake. Prosesa hubaki kuhudumia mfumo.

Hata hivyo, si kila seva inayoihitaji. Prosesa za kisasa humudu kazi hii bila shida pale mzigo unapokuwa mdogo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima: ikiwa prosesa haijachoka na diski zenyewe ndizo zilizo polepole, kadi mpya haitaleta nafuu.

Hatua za kuiweka

Kwanza, kadi ikaguliwe kama inatambuliwa na toleo la Linux linalotumika. Kila aina ina programu yake ya kuiendesha, kwa mfano cxgb4i kwa kadi za Chelsio na qla4xxx kwa za QLogic. Baadhi ya matoleo mapya ya Linux huacha kuzitambua kadi za zamani, hivyo ukaguzi huu hufanywa kabla ya ununuzi.

Pili, kadi nyingi za aina hii hupewa anwani yake ya IP, katika mtandao uliotengwa na ule wa ofisi. Sababu yake ni nzito: data inayopita ndani ya kadi haipiti kwenye kinga ya mtandao ya Linux, wala haionekani kwa zana za kawaida za kukagua mtandao. Usalama wake hutegemea utengano huo.

Tatu, seva iambiwe waziwazi kwamba itumie kadi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Programu ya Open-iSCSI, inayotumika kwenye Linux, isipoelekezwa hutumia njia ya kawaida inayopitia prosesa, hata kama kadi ipo ndani ya seva. Mfumo utafanya kazi, taa za kadi zitawaka, lakini kadi haitakuwa imebeba chochote. Fundi hutumia amri ya iscsiadm kuchagua njia ya kadi wakati wa kutafuta hifadhi, kisha hukagua tena baada ya kuunganisha ili kuthibitisha kwamba ndiyo inayotumika.

Nne, kila seva ipewe jina lake la iSCSI lisilofanana na lingine. Seva mbili zilizonakiliwa moja kutoka kwa nyingine zikibaki na jina moja, hifadhi yaweza kuzichanganya, zote zikaandika kwenye diski moja na kuharibu rekodi.

Tano, ukubwa wa pakiti ulingane njia nzima. Kipimo cha kawaida ni baiti 1500, na mafundi wengi huongeza hadi 9000. Kifaa kimoja kikiachwa nyuma, muunganisho utaonekana mzima, lakini faili kubwa zitakwama.

Sita, ziwepo njia mbili kutoka seva hadi hifadhi, kila moja na swichi yake. Jaribio lake ni rahisi: kabla ya mfumo kuanza kutumika, waya mmoja uchomolewe na kazi iendelee bila kukatika. Seva izimwe na kuwashwa pia, ili kuhakikisha kwamba umeme ukipotea na kurudi, diski zitaunganishwa zenyewe mara mtandao unapokuwa tayari.

Kasi si usalama

Kadi hii haitunzi nakala. Faili ikifutwa kwa makosa, itafutwa haraka zaidi. Nakala rudufu lazima ziwekwe mahali pengine na zijaribiwe kurejeshwa mara kwa mara.

Vilevile, iSCSI yenyewe haifichi data. Neno la siri kati ya seva na hifadhi huthibitisha tu nani anaunganishwa. Rekodi za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo mtandao uliotengwa, chumba kinachofungwa na diski zenye usimbaji ni sehemu ya kazi hii.

Wakazi wanaweza kuuliza nini

Bajeti ya kompyuta inapojadiliwa katika vikao vya ushirikishaji wa umma, mkazi hahitaji kuwa fundi ili kuuliza: Je, mzigo wa seva ulipimwa kabla ya kununua? Baada ya kuweka kadi, kuna rekodi ya vipimo vya kabla na baada? Ni nani aliyethibitisha kwamba inatumika? Jaribio la kuchomoa waya lilifanywa lini? Nakala rudufu zilirejeshwa kwa majaribio mara ya mwisho lini?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombi la maandishi hupaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Rekodi za wagonjwa na maneno ya siri hayatolewi, lakini vipimo, gharama na ripoti za majaribio ni mambo ambayo mkazi ana haki ya kuyaulizia.

Kadi iliyowekwa sawasawa humpunguzia mgonjwa muda wa kusimama dirishani. Iliyonunuliwa na kuachwa bila kuelekezwa ni pesa za umma zilizolala ndani ya seva.