Je, Wajua? Tuktuk Hupindukia Wapi

Tuktuk, ambayo Watanzania huiita bajaji, ina mhimili wa kupindukia, yaani mstari ambao uzito ukiuvuka chombo huanguka, unaokwenda mshazari kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa hiyo dereva anayefunga breki katikati ya kona, tuseme kwenye barabara ya vumbi ya mtaa wa Carama jijini Bujumbura, husukuma uzito mbele, mahali chombo kinapokuwa chembamba zaidi, ilhali anayepunguza mwendo kabla ya kona huuacha uzito nyuma, penye upana.

Hatari hiyohiyo ilizikumba pikipiki za magurudumu matatu za kupita porini, ambazo mwaka 1988 wasambazaji wakuu nchini Marekani walikubaliana na serikali kuacha kuziuza, zikabaki za magurudumu manne, ambazo nazo hupinduka.

Matunzo na upakiaji navyo vina sehemu yake: tairi moja la nyuma likipungua upepo chombo huinamia upande huo, na mzigo wa juu ya paa, uwe mdogo namna gani, huongeza mwinamo.