Betri Iliyokwisha Umeme

Je, umepata kuona watu wakisukuma gari pale Mazwi, mjini Sumbawanga, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni? Baridi hupunguza kasi ya mabadiliko ya kikemikali ndani ya betri. Hivyo betri dhaifu hushindwa kuizungusha injini. Gari likisukumwa na dereva akaingiza gia, magurudumu huizungusha injini mpaka iwake. Kisha injini huzungusha jenereta ndogo, nayo huijaza betri umeme.

Gari la umeme haliamshwi hivyo. Halina injini ya kuwaka, bali lina mota inayopata nishati kutoka katika betri kubwa. Magari mengi ya aina hii yana pia betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayoendesha swichi za kuunganisha betri kubwa na mota. Betri ndogo ikiisha umeme, gari haliendi, hata kama betri kubwa imejaa. Fundi huliamsha kwa kuazima umeme wa betri nyingine ya volti 12.

Betri kubwa ikiisha umeme, kuazima huko hakufai. Gari hubebwa hadi penye umeme, likachajiwe kwa saa kadhaa. Nishati iliyotumika safarini hairudi yenyewe. Lazima iingizwe nyingine.

Angalia! Betri kubwa huwa na volti mia kadhaa, nazo zaweza kuua. Usiiguse kamwe.

Swali: Kwa nini kulisukuma gari la umeme hakuliamshi?