Kihesa bado inaisubiri Tancut

Muulize mtu mzima yeyote wa Kihesa, hapa Iringa, ni bendi gani angelipa kiingilio chochote kuiona tena jukwaani, jibu utalipata kabla hujamaliza swali: Tancut Almasi Orchestra, wana Fimbo Lugoda. Hata vijana waliozaliwa bendi ikiwa imeshakufa wanalijua jina hilo, kwa sababu redio hazijaacha kupiga "Butinini" na "Nimemkaribisha Nyoka", na vibao hivyo vikianza wazazi wao hukatisha mazungumzo.

Tancut haikuja Iringa kwa ziara ikaondoka. Ilikuwa ya hapa hapa, mali ya kampuni ya serikali ya kuchonga almasi iliyokuwa na kiwanda chake mjini kwetu, na ilitamba katika miaka ya 1980. Nchi nzima ilikuwa na utaratibu huo. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima. Mwajiri ananunua vyombo, mwanamuziki analipwa mshahara mwisho wa mwezi, hata kama Jumamosi iliyopita mvua iliwazuia watu kuja ukumbini. Ndivyo mji mdogo wenye baridi kama huu ulivyoweza kuwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waimbaji kutoka Kongo, na solo la Kawelee Mutimwana. Mwanamuziki John Kitime naye alipita hapo kabla ya kwenda Vijana Jazz na baadaye Kilimanjaro Band.

Sikiliza tena "Nimemkaribisha Nyoka" kwa utulivu. Mapacha wale wanaimba pamoja, sauti zimeshikana kiasi kwamba ukijaribu kumfuata mmoja unajikuta uko na mwenzake. Kisa kinasimuliwa taratibu, hakuna anayeharakisha, magitaa yanapishana bila kukanyagana. Halafu linaingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, solo linapanda, ala za kupuliza zinajibu, na hapo hata aliyekuja ukumbini kunywa soda tu alikuwa anasimama. Muziki huo ulikuwa unahitaji watu wengi wanaofanya mazoezi pamoja siku za kazi, tena wakilipwa.

Mashirika ya umma yalipoyumba, bendi zake nazo zikayumba. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki alibaki na sauti yake na vidole vyake, akaenda kutafuta riziki kwingine. Wapenzi hawakuagwa, na nadhani ndiyo sababu wengi hapa wanaizungumzia Tancut kama watu waliosafiri, ambao siku moja watashuka stendi na magitaa yao.

Kasaloo ameshafariki. Kyanga Songa naye ametangulia. Hilo hakuna tamasha litakalolibadili, na ni lazima tuliseme wazi kabla ya kuota lolote. Lakini sikubaliani na wanaosema basi yameisha. Orchestra Baobab ya Dakar ilivunjika 1987, ikakaa kimya zaidi ya miaka kumi, kisha 2001 ikarudi jukwaani. Kilichochochea ni kutolewa upya kwa rekodi zake za 1982. Dunia ilizisikia, ikawatafuta wenyewe, na 2002 wakatoa albamu mpya. Mmoja wa waimbaji wake wakubwa, Laye Mboup, alikuwa amefariki tangu miaka ya 1970, na bado watu walipowasikia waliobaki walijua hiyo ni Baobab.

Ninachokiogopa zaidi ni kurudi kwa mzaha: usiku mmoja, kinanda kimoja, ala zote zikitoka kwenye flashi, na mwimbaji mmoja akibeba sehemu ya mapacha wawili, huku tangazo limeandikwa Tancut kwa herufi kubwa. Watu wa Kihesa watakwenda, watalipa, na watarudi nyumbani wamenyang'anywa hata kile walichokuwa wanakikumbuka.

Kazi ianzie kwenye kanda. Muziki wa dansi wa zama hizo ulirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na hazina hiyo sasa iko mikononi mwa TBC. Kanda za Tancut zisafishwe, zitolewe upya kwa majina kamili ya kila aliyepiga na kila aliyeimba, ili familia zao nazo zipate haki zao. Kisha watafutwe waliopita katika bendi ile na bado wana nguvu za kushika ala, wawekwe pamoja na vijana wanaopiga makanisani na kwenye mabendi ya hapa Iringa, walipwe kwa miezi kadhaa ya mazoezi. Iringa ina vyuo, ina wafanyabiashara, ina viwanda. Mwenye kiwanda mmoja akiamua kununua magitaa manne, drams, tumba na tarumbeta mbili, atakuwa amefanya kile ilichofanya kampuni ya almasi. Na afanye mapema, maana wanaojua chemko la "Butinini" lilivyopigwa, kidole kwa kidole, ni wazee sasa.