Kichwa Tu, Daktari

Ukishuka kutoka Maua, kijani cha mashamba ya miraa ya Nyambene kinakatika, joto linakupiga usoni, na muda si muda uko Kinna. Huu ni mji wa Waborana wa Waso, wale wa upande wa Kenya: mifugo upande mmoja, migomba inayonyweshwa kwa maji ya chemchemi upande mwingine, na Mbuga ya Meru mlangoni. Ni mji mdogo. Ukinunua sukari duka la kwanza, wa duka la mwisho anajua umebeba kilo ngapi.

Katika mji kama huo, ugonjwa wa akili hauwezi kufichwa kwa kunyamaza tu. Unahitaji jina jingine.

Mama mmoja wa makamo, mtandio umemfunika hadi kiunoni, ameketi mbele ya mhudumu wa afya. Anaumwa kichwa. Tangu lini? Tangu ukame. Mhudumu haonyeshi kushangaa; ukame wa 2020 hadi 2022 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo na kuua zaidi ya mifugo milioni 2 Kenya, na hapa watu huhesabu miaka kwa mambo kama hayo. Anamwuliza kuhusu usingizi. Mama anautazama mlango kwanza. Kisha anasema hana usingizi, moyo unaenda mbio usiku wa manane, na asubuhi akisikia mbuzi wa jirani wakilia, machozi yanamtoka. Akishasema hayo anarudi upesi alikoanzia: "Lakini ni kichwa tu, daktari."

Kichwa, presha, alsa. Hizo ndizo tiketi. Mtu akishika mojawapo anaweza kupanga foleni mchana kweupe na kumwamkia kila anayepita.

Watafiti wamelizunguka jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Sarah Clement na wenzake, wengi wao wa London, walichapisha uchambuzi wa tafiti 144 zilizohusu watu zaidi ya 90,000, wakiuliza swali moja: unyanyapaa unamzuiaje mgonjwa kutafuta msaada? Walipopanga vizuizi kwa uzito, unyanyapaa ulishika nafasi ya 4. Na ndani ya unyanyapaa wenyewe, kilichotajwa mara nyingi zaidi kilikuwa hofu ya mambo kujulikana. Waliozuiwa zaidi ni vijana, wanaume, watu wa jamii za wachache, wanajeshi na, hapa nilisimama kidogo, wahudumu wa afya wenyewe. Anayemwandikia mwenzake dawa naye anautazama mlango.

Lakini utafiti unaoigusa Kinna kwa karibu zaidi ulifanyika ng'ambo ya mpaka, kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, ndugu wa lugha na ukoo wa hawa wa Waso. Watafiti waliwahoji Waborana zaidi ya 1,800 kwa dodoso la kimataifa la magonjwa ya akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalisema hakuna hata mgonjwa mmoja wa skizofrenia. Hata mmoja! Mtu angeweza kuandika shairi la sifa kuhusu maziwa ya ngamia na hewa safi ya malishoni. Teshome Shibre na wenzake hawakushawishika. Walirudi, wakaweka dodoso kando, wakakaa na wazee na watu wa kawaida na kuwauliza kuhusu marata, neno la Waborana wenyewe kwa mtu aliyerukwa na akili. Wagonjwa wakapatikana. Walikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni swali lililoulizwa kwa neno la nyumbani. Ripoti hiyo ya pili ilitoka mwaka 2010.

Neno hilo, hata hivyo, lina makali yake. Marata anayeelezwa na wenyeji ni yule anayetembea uchi, anayepiga watu, anayesema ovyo barabarani. Ni picha moja, kubwa, ya kutisha, na inaziba zote nyingine. Mama wa kichwa hajavua nguo wala kurusha mawe. Anapika, anaswali, anafagia uwanja. Kwa hiyo, kwa hesabu yake na ya jirani zake, hawezi kuwa mgonjwa wa akili. Sisi wa Kiswahili hatuna la kujivunia hapa: wazimu, kichaa, chizi, na kwa Mkenya hata jina la hospitali limegeuzwa tusi. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado ndipo watoto wa shule wanapotishiana kupelekana.

Na familia nazo zina ngazi zao za aibu. Jini ni nafuu, kwa sababu jini hutoka nje. Huja, na kwa kisomo huondoka. Miraa ni nafuu pia. Kijana akikesha siku tatu akibishana na ukuta, ndugu watasema amezidisha miraa, na penye miraa ya Meru mlango wa pili nani atabisha? Kisichosemeka ni kile kinachokaa kwenye damu, kwa maana nyumba ina wasichana wa kuolewa na wazee wa upande wa pili watauliza. Sitaki kuwacheka. Baba anayemficha mwanawe ndani mara nyingi anamlinda binti yake. Hesabu hiyo ni ya kikatili, ila ni hesabu.

Linalonishangaza ni kwamba jamii hii inajua sana kubeba hasara ya mtu. Waborana wana busa gonofa: aliyemalizwa na ukame au wezi wa mifugo huuleta msiba wake mbele ya ukoo, na ukoo humchangia wanyama wa kuanzia upya. Anataja hasara yake hadharani, ng'ombe kwa ng'ombe, na kusaidiwa ni haki yake. Mama yule angeweza kuwataja mbuzi wake wote mbele ya ukoo. Usingizi uliokwenda nao hana pa kuutaja.

Kuna waliojaribu kutengeneza mahali hapo. Mjini Harare, Dixon Chibanda aliweka benchi nje ya zahanati na kuwafundisha akina bibi kusikiliza. Mwanzoni benchi lilibeba jina la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi wenyewe ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki, na watu wakakaa. Hapa Kenya, huko Makueni, David Ndetei, Victoria Mutiso na wenzao waliwaketisha pamoja waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa kliniki, kisha wakawafundisha wale wawili wa kwanza kutambua sonona na kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Kwa Kinna, hilo lingeanzia kwa shehe anayesoma kisomo, maana kwake hakuna anayeona haya kuonekana.

Sheria nayo imesogea. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume cha Katiba. Hadi hapo, ndugu aliyemkimbiza mgonjwa wake kwa daktari usiku alikuwa na sababu ya kumwogopa polisi kabla ya kuogopa ulimi wa jirani.

Mhudumu anampa mama siku ya kurudi. Kwenye daftari anaandika kwa herufi ndogo, mkono umeziba nusu ya mstari. Mama anakitia kikaratasi chake ndani ya mfuko wa sukari, anafunga fundo, anatoka. Benchini nje kuna jirani yake anayesubiri zamu.

"Presha?"

"Presha."

Jirani anamsogezea nafasi aketi.