Saa 72 za Kifaranga

Machi ikiingia, posta ya mtaa ninaokaa hapa Des Moines, jimbo la Iowa, huwa na mlio ambao mtu wa Likoni hawezi kuukosea. Umesimama kwenye foleni na bahasha yako mkononi, na nyuma ya kaunta wasikia pio, pio, pio. Ni maboksi ya kadibodi yenye matundu ubavuni, yamepangwa mbali na mlango ili baridi isiyafikie. Karani huwa ameshampigia mwenyewe simu alfajiri aje achukue mzigo wake kabla hata dirisha halijafunguliwa.

Siku niliyosikia mlio huo mara ya kwanza nilimpigia mamangu aliyeko Mtongwe, Mombasa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Vifaranga? Kwa posta? Na wafika wazima, mwanangu?"

Wafika. Na kwa kuwa wengi wetu tulio nje tunatuma pesa za banda la kuku nyumbani, nataka nieleze kwa kirefu kidogo kwa nini wafika, na kwa nini wetu wa Mtongwe mara nyingine hawafiki.

Siri iko kwenye kiini. Yai hukaa chini ya kuku, au ndani ya mashine, kwa siku 21. Siku mbili za mwisho, kabla hajaanza kudonoa ganda, kifaranga hukivuta kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake kupitia kitovu. Hiyo ndiyo posho yake ya safari. Maumbile hayakuiweka kwa ajili ya posta, yaliiweka kwa ajili ya mama yake. Mayai ya kiota kimoja hayapasuki saa moja: la kwanza laweza kutangulia la mwisho kwa siku nzima na zaidi, na mtetea haondoki kwenye kiota mpaka wote watoke. Aliyetangulia hana budi kungoja bila chakula wala maji. Kiini humtunza, kwa hesabu ya watu wa kazi hii, hadi saa 72.

Juu ya saa hizo 72 pamejengwa biashara kubwa. Mwaka 1892 mtotoleshaji mmoja wa Stockton, New Jersey, Joseph Wilson, alipakia vifaranga kwenye treni kwenda Chicago, na walifika wakiwa hai. Mwaka 1918 posta ya Marekani ikakubali rasmi kubeba vifaranga wa siku moja, kwa sharti kwamba wafike ndani ya saa 72 tangu waanguliwe. Hapa hapa Iowa, mji wa Webster City, kuna watotoleshaji wa Murray McMurray waliofungua mwaka 1917. Mwenye jina hilo alikuwa mtu wa benki aliyependa kuku. Ulaya nao wameiandika hesabu hiyo kwenye sheria: kanuni ya mwaka 2005 ya kusafirisha wanyama yaruhusu vifaranga wasafiri bila chakula wala maji ikiwa safari ni chini ya saa 24, na iwe imekwisha kabla ya saa 72 tangu kuanguliwa.

Someni tena maneno hayo mawili: tangu kuanguliwa. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Sisi huanza kuhesabu basi linapoondoka. Kifaranga ameanza kuhesabu tangu alipotoka kwenye ganda, na hao "wa siku moja" wamekwisha kungoja wenzao wapasuke, wakakauka, wakachambuliwa, wakachanjwa dhidi ya ugonjwa wa Mareksi, wakahesabiwa, wakafungwa. Mzigo unapofika kituo cha basi, waliotangulia huenda wameshakula nusu ya posho yao. Na saa 72 ni ukingo, si kipimo cha raha. Kifaranga anayepata maji ndani ya siku ya kwanza hukua vizuri kuliko aliyesukumwa hadi ya tatu. Mei 2025, jimbo la Delaware, vifaranga wapatao 12,000 waliachwa ndani ya lori la posta kwa siku tatu. Maelfu walikufa. Kiini kiliisha, na joto lilikuwa ndani ya lori.

Sasa twende nyumbani.

Kwetu kazi hii haifanywi na posta, hufanywa na basi la usiku. Sababu ni kwamba watotoleshaji wakubwa wako bara. Pale Kikuyu, Nelson Muguku aliacha ualimu mwaka 1957 akaanza na mitetea wawili na jogoo mmoja, na jina lake likaja kuwa jina la vifaranga nchi nzima. Kenchic ilifuata mwaka 1984. Ukitaka kienyeji walioboreshwa, kituo cha utafiti cha KALRO kiko Naivasha. Kwa hiyo mtu wa Mtongwe anayetaka vifaranga mia hulipa Nairobi, na Nairobi hupeleka boksi kwenye ofisi ya vifurushi ya basi. Boksi lenyewe lina akili: vyumba vinne, vifaranga 25 kila chumba, maranda chini, matundu pembeni na juu. Vyumba si vya kurahisisha kuhesabu. Basi likikata kona pale Mtito Andei, vifaranga wote huteleza upande mmoja. Wangekuwa mia pamoja, walio chini wangekosa pumzi.

Kilomita 480 hivi, usiku mmoja. Kwa hesabu ya kiini, hiyo si safari ndefu. Tatizo ni mahali boksi lilipowekwa na saa litakapochukuliwa. Ndani ya boksi vifaranga hupashana joto wenyewe. Wanahitaji hewa ipite iwaondolee joto hilo. Boksi likisukumwa kwenye buti chini ya magunia, au nyuma karibu na injini, matundu yote huziba. Kifaranga aliyezidiwa na joto hufungua mdomo, hutanua mbawa na kuhema, na kila akihema anapoteza maji aliyopewa na kiini. Kwa hiyo joto halimwui tu kwa joto; linamfupishia saa zake. Anayetazamiwa kudumu saa 72 Nairobi huenda hana hata nusu yake akishushwa Mwembe Tayari, Mombasa.

Februari ya mwaka juzi nililipia vifaranga 200. Pesa nilituma kwa simu kutoka huku, na kwa kuwa nambari iliyolipa ilikuwa yangu, ndiyo iliyoandikwa juu ya boksi. Basi lilifika Mombasa saa kumi na mbili asubuhi. Huku ilikuwa saa tatu usiku, nami nimeingia kazini, simu imefungiwa kabatini kama sheria ya kazi inavyotaka. Nilipotoka mapumziko saa tisa usiku nikakuta nimepigiwa mara saba. Mombasa ilikuwa saa sita mchana, Februari, na maboksi mawili yalikuwa yamekaa saa sita chini ya mabati. Dadangu alipoyafungua alihesabu 63 waliokufa. Wengine 20 walifuata kabla ya Jumapili. Alinitumia picha moja tu, ya sakafu ya boksi, na sikuweza kuitazama mara ya pili. Mamangu alikuwa ameshawasha jiko la banda tangu alfajiri, akingoja.

Tangu hapo nambari inayoandikwa juu ya boksi ni ya mtu atakayekuwa amesimama kituoni. Mzigo unaondoka Nairobi saa tatu usiku, si mchana. Na dereva wa tuktuk ameambiwa tangu jana yake.

Kipande cha mwisho ndicho kifupi kuliko vyote na ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko vyote. Wasomaji wa bara huuliza kwa nini ninasema sana juu ya kilomita chache. Mtongwe iko ng'ambo ya maji. Kivuko chetu wenyewe kina historia ambayo hakuna nyumba kwetu isiyoijua: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuo na watu 272 wakafa. Leo mtu aliye na boksi kwa kawaida hupita Likoni. Apite alfajiri, kabla umati wa wanaokwenda kazini haujajaa, na boksi alibebe usawa, kwa mikono miwili, kivulini. Asiliweke kichwani juani, na asilifunike kwa leso akidhani anawahurumia. Barabara ya Dongo Kundu nayo sasa inatoka Miritini hadi Kibundani bila kupanda feri, na gari la mtotoleshaji linaloleta maboksi mengi laweza kuipita. Kwa boksi moja, feri ya alfajiri bado ni njia nzuri.

Wakifika, maji kwanza, chakula baadaye. Maji ya uvuguvugu yenye glukosi, na kila kifaranga achovywe mdomo mara moja ili ajue maji yako wapi. Saa mbili tatu baadaye ndipo wapewe chakula. Joto la banda wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35. Mtongwe mchana wa Februari hewa yenyewe inakaribia hapo, na jiko la makaa wakati huo linaongeza moshi tu.

Mayai ya mbegu ni habari nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa nyumba ndogo. Kifaranga husafiri kwa posho. Yai husafiri kwa usingizi. Likipoa chini ya nyuzijoto 20 hivi, kiinitete hulala, na laweza kukaa siku saba kwenye ubaridi wa 15 hadi 18 bila hasara kubwa. Baada ya hapo, kila siku hupunguza idadi ya yatakayoanguliwa.

Adui wa usingizi huo ni pwani yetu. Kwenye joto la 28, ambalo kwetu ni la kawaida, kiinitete hakilali wala hakiamki. Huanza kukua kwa mwendo mbovu, seli chache chache, kisha hufia humo humo. Ukilipasua siku ya kumi utakuta yai viza, na utamlaumu jogoo bure. Kwa hiyo yai la mbegu lisilale Mtongwe juu ya kabati la jikoni likingoja wenzake watimie thelathini. Lisioshwe pia. Ganda lina matundu maelfu, na maji huondoa utando unaoyaziba na kuingiza uchafu ndani.

Upande mpana wa yai kuna kijichumba cha hewa, ambamo kifaranga atavuta pumzi ya kwanza kabla hajatoka. Barabara yenye matuta hutikisa yai mpaka utando wa kijichumba hicho ukaachia, na hewa ikaanza kutembea ndani. Mulika kwa tochi ya simu gizani utaiona, kama povu linalohama ukigeuza yai. Ndiyo sababu yai husafiri ncha chini, upande mpana juu, kwenye trei, na maranda kati ya trei na katoni. Likifika lisiingie mashineni siku hiyo. Liache lisimame saa 24 pahali pa baridi, hewa irudi mahali pake. Hata ukifanya yote hayo, mayai yaliyosafiri mbali yakianguliwa nusu, umefanikiwa.

Wengi mmeniuliza kama mnaweza kufunga mayai sanduku la nguo mkija likizo. Msifanye hivyo. Yai la mbegu na kifaranga kutoka nje vyahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kabete, na cheti cha afya cha nchi vinakotoka, na homa ya mafua ya ndege haijaondoka huku Marekani. Wala mpaka wa Lunga Lunga si njia ya mkato kwa sababu tu Tanga iko karibu. Oktoba 2017, pale mpakani Namanga, maofisa wa Tanzania waliwachoma vifaranga 6,400 waliotoka Kenya bila kibali, wakisema wanahofia mafua hayo. Nairobi na Dodoma zilirushiana maneno makali. Naamini palikuwa na njia ya huruma zaidi ya kulimaliza jambo lile. Lakini vifaranga wale waliondoka kwa mtotoleshaji wao saa zao zikiwa zimeshaanza kuhesabiwa, na aliyewapakia alijua mpaka uko mbele.

Mamangu mwenyewe hataki tena vifaranga wa boksi. Anataka kuchi, wale warefu wa miguu, wa shingo ndefu, ambao babake aliwafuga, na mayai yao mtu wetu amempatia Lamu. Safari ni ngumu kwa namna yake: boti kutoka kisiwani hadi Mokowe, kisha basi la mchana. Kwa hiyo hayatapakiwa. Jirani wa mtu wetu huyo anakuja Mombasa kwa matibabu, naye atayapakata kwenye trei nusu, mayai 14, upande wa dirisha usio na jua. Yametagwa ndani ya siku tano. Mtetea mweusi ameanza kuatamia tangu Jumatatu juu ya mayai matatu ya kuzuga, na dadangu atavuka kwa feri Alhamisi akamngoje jirani huyo.