Bakshishi Asia: Kwingine shukrani, kwingine fedheha

MGENI anayeingia katika nyumba ya Kihaya huko Rubafu, kando ya Ziwa Victoria wilayani Bukoba, hukaribishwa kwa akamwani, yaani buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, azitafune huku mazungumzo yakiendelea. Hatarajiwi kuzilipia. Akiacha fedha wakati wa kuaga, atakuwa ameigeuza nyumba ya mwenyeji wake kuwa mgahawa.

Anayeielewa desturi hiyo hatapata taabu kuwaelewa Wajapani. Watanzania wengi husafiri kwenda Asia kununua bidhaa Guangzhou na Dubai, au kufuata matibabu India, na kwa kuwa neno bakshishi lenyewe lina asili ya Kiajemi, ni rahisi kudhani kwamba bara hilo lote huitoa na kuipokea. Sivyo.

Nchini Japani huduma nzuri huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Mteja akiacha fedha mezani, si ajabu mhudumu akamkimbilia hadi barabarani kumrudishia, akidhani amezisahau. Katika nyumba za wageni za kiasili, anayetaka kushukuru anaweza kutoa kiasi kidogo, lakini hukitia ndani ya bahasha na kukikabidhi kwa mikono miwili. Korea Kusini nako bakshishi si desturi.

China haiko mbali na hapo. Katika mikahawa ya kawaida hakuna anayeitarajia, ingawa waongoza watalii na wapagazi wa hoteli kubwa wameizoea kutoka kwa wageni.

India ni habari nyingine. Huko mhudumu wa mgahawa hutarajia kati ya asilimia 5 na 10 ya bili, na mpagazi hutarajia chochote. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni bili yenyewe, kwani baadhi ya mikahawa imekuwa ikiongeza ada ya huduma bila kumuuliza mteja. Julai 2022, mamlaka ya nchi hiyo inayolinda haki za walaji ilitoa mwongozo unaokataza ada hiyo kuongezwa moja kwa moja, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya Delhi iliuunga mkono. Anayeikuta kwenye bili, basi, ana haki ya kuomba iondolewe. Kwa familia iliyochangisha ukoo mzima ili mgonjwa wao atibiwe Mumbai, rupia hizo si kitu kidogo.

Dubai na Singapore, mikahawa mingi hujumlisha ada ya asilimia 10 katika bili, na aliyekwisha kuilipa hadaiwi zaidi.

Hatari kubwa iko kwingine, pale msafiri anapompa ofisa wa serikali "chai" ili mambo yake yaharakishwe. Hiyo si bakshishi tena. Sheria ya Kuzuia Rushwa ya Singapore ya mwaka 1960 inaruhusu adhabu ya faini isiyozidi dola 100,000 za nchi hiyo, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili, na mtoaji hasalimiki kwa kuwa mgeni.

Kwa wanaokwenda India na nchi za Ghuba, fedha hukabidhiwa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto huonekana kuwa utovu wa adabu, hata kama noti ni kubwa.